Mashine Iliyorudi Nzito Kuliko Ilivyoondoka

Mizani ya gereji yetu ni ya kuning'iniza. Unafunga mikanda mbele na nyuma, unavuta mnyororo wa winchi, mashine inapaa, unasoma namba. Asubuhi ile tuliipima pikipiki ya theluji ya rafiki yangu, chombo chenye skii mbele na mkanda wa raba nyuma badala ya magurudumu, kabla hajapanda nayo Boulder Mountain, mlima wa hapa kwetu Revelstoke, Kanada, tangi la petroli limejaa hadi shingoni. Jioni aliporudi tukaipima tena. Tangi lilikuwa limeshuka hadi nusu.

Namba ya jioni ilikuwa kubwa kuliko ya asubuhi.

“Fundi, mizani yako iko na shida,” akaniambia.

Nikateremsha mashine, nikaning'iniza kipande cha chuma ambacho uzito wake tunaujua. Mizani ilikuwa nzima.

Rafiki yangu huyu ni mtu wa Bukavu, mchomeleaji huko Calgary, na kwa umri ni kaka yangu. Kiangazi chote alikuwa anaweka pesa yake katika jambo moja: kuondoa uzito kwenye mashine ile. Kiti chembamba. Bampa nyepesi ya nyuma. Boliti za titani. Betri ya lithiamu. Madigadi ya nyuma aliikata kabisa. Kila kilichotoka na kila kilichoingia alikipima na kukiandika kwenye daftari, na lile daftari alikuwa akinionyesha kwa furaha ambayo fundi yeyote anaielewa. Sasa mashine yenyewe ilikuwa inaning'inia mbele yetu, inadondosha maji, na hesabu ya daftari imekataa.

Alirudi Calgary usiku uleule, akaniachia mashine. Asubuhi nilikuta sakafu imejaa maji toka ukutani hadi mlangoni. Nikayasukuma kwa ufagio hadi kwenye shimo la maji machafu, na kazi za siku zikaendelea. Lakini yale maji hayakunitoka kichwani kwa wiki kadhaa.

## Kilo za kwenye karatasi

Kampuni zinazotengeneza mashine hizi huandika kwenye brosha “uzito mkavu”. Maana yake mashine haina petroli, na mara nyingi haina oili wala maji ya rejeta. Kwa hesabu hiyo, mashine za milimani zenye injini za cc 850 huwa karibu na kilo 200, juu kidogo au chini kidogo. Mimina lita 40 za petroli na umeongeza kama kilo 30 kabla hujakaa kwenye kiti.

Sisemi uzito haujalishi. Hapa Revelstoke, kwenye milima ya British Columbia, unajalisha kuliko karibu kitu kingine chochote. Mlima Copeland, ulio jirani na mji wetu, ndio wenye rekodi ya Kanada ya theluji ya msimu mmoja: zaidi ya mita 24 katika majira ya baridi ya 1971 hadi 1972. Theluji mpya kabisa, ile ya unga, inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu kwa kila mita ya ujazo. Karibu yote ni hewa. Mashine inaelea juu ya kitu hicho kwa sababu mkanda wake wa raba ni mrefu na mpana, na kwa sababu haisimami. Ikisimama kwenye mteremko, inazama. Hapo hakuna jeki wala kreni. Ni mikono yako miwili, koleo, na mwenzako anayevuta skii za mbele huku wewe unanyanyua nyuma.

Na nyuma ndiko barafu inakokaa.

Mtu anayekaa chini kwa subira kupunguza gramu 40 kwenye boliti namheshimu. Nilichokuwa sikielewi ni kwa nini sote tunapima mashine ikiwa kavu, ndani ya gereji yenye hita, ilhali hakuna anayeiendesha humo.

## Injini inatengeneza maji

Chini ya kiti cha pikipiki ya theluji kuna mfereji wa bati la aluminiamu uliogeuzwa chini juu. Mafundi wote huuita taneli. Mkanda wa raba unazunguka ndani yake. Injini kubwa za siku hizi hupozwa kwa maji, lakini kwenye mashine nyingi hutaona rejeta yenye feni mbele, iliyopo kwenye gari. Rejeta zake ni vipande vyembamba vya aluminiamu vilivyobanwa kwenye dari la taneli. Mkanda unarusha theluji juu, theluji inagonga rejeta za moto, inayeyuka, na katika kuyeyuka inaondoka na joto la injini.

Ni ubunifu mzuri sana, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyejifunza ufundi kwenye pikipiki za kawaida Mwanza. Kuyeyusha kilo moja ya theluji kunahitaji kilojuli 334, hata kabla ya maji yake kupanda nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo theluji kidogo tu inabeba joto jingi.

Usiku mmoja nilikaa na kalamu. Nikasema, tuchukulie injini inapanda mlima na inamwaga kilowati 30 za joto kwenye maji yake ya kupoza. Kilowati 30 kwa dakika moja ni kilojuli 1,800. Gawanya kwa 334.

Zaidi ya kilo 5 za theluji kila dakika.

Nilirudia hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimehamisha nukta. Mashine ikipanda kwa nguvu inaweza kugeuza kilo 5 za theluji kuwa maji kila dakika, tumboni mwake mwenyewe. Sehemu kubwa inatupwa nje na mkanda. Lakini si lazima mengi yabaki. Hata kidogo sana kikikataa kuondoka, na dereva akashinda mlimani kutwa, unapata mzigo.

Hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka. Nilikuwa nimezoea kuliona tatizo la barafu kuwa la hali ya hewa: baridi imekuja, barafu imeganda, tugonge kwa nyundo ya raba tuendelee. Sasa nikaanza kuliona kuwa tatizo la mabomba. Maji yanazalishwa hapa, yanapita pale, yanasimama wapi?

Historia yenyewe inasaidia kuelewa. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alimpoteza mtoto wake mdogo katika majira ya baridi ya 1934, barabara zikiwa zimefungwa na theluji na hospitali haifikiki. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa kuendesha mkanda, lakini magari aliyounda wakati huo yalikuwa makubwa, ya kubeba abiria wengi, kwa sababu injini nyepesi za kufaa chombo kidogo hazikuwepo. Ilibidi asubiri hadi 1959 ndipo Ski-Doo ya kwanza itoke kiwandani. Chombo hiki chote kimezaliwa siku uzito uliposhuka. Injini zile ndogo za mwanzo zilipozwa kwa hewa, hazikuwa na rejeta ndani ya taneli. Nguvu zilipoongezeka, joto likaongezeka, na mahali pekee pa kulipeleka pakawa kwenye theluji ileile tunayokanyaga.

## Barafu ya rangi mbili

Safari iliyofuata nilimwomba rafiki yangu asigonge chochote. “Kaka, niletee ilivyo, hata kama inatia aibu mbele ya watu.” Akaileta ilivyo.

Nilivunja bonge kutoka kwenye kikanyagio cha kushoto, lile bati refu la kuwekea mguu ubavuni mwa taneli, nikalikata kwa msumeno, nikaliangalia kwa tochi ubavuni. Lilikuwa na tabaka mbili. La chini, lililoshika aluminiamu, lilikuwa jembamba na angavu, unaona chuma kupitia humo. La juu lilikuwa nene, jeupe, limeshindiliwa na soli ya buti.

Ile nyeupe ni theluji. Ile angavu ilikuwa maji.

Maji kutoka kwenye rejeta yanashuka ukutani mwa taneli, yanafika kwenye kona ambako taneli inakutana na kikanyagio, na pale joto la rejeta halifiki tena. Upepo unapita, bati ni baridi, maji yanaganda na kulishika bati. Kisha theluji kavu, ambayo peke yake ingepeperuka, inanata kwenye ule utando wa maji kabla haujakauka. Buti inashindilia. Utando mwingine unakuja juu.

Waliokulia kwenye udongo wa mfinyanzi watanielewa mara moja: ni lile tope la masika linalojaa chini ya madigadi ya baiskeli hadi tairi inagoma kuzunguka. Hakuna tope zito lililoingia mara moja. Ni tope jembamba lililopata pa kushika.

Ukitaka kujua ni kilo ngapi, hesabu ni rahisi. Kikanyagio chenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 15, kikibeba barafu ya unene wa sentimita 3, kina zaidi ya lita 5 za barafu. Lita moja ya barafu ni gramu 917. Hiyo ni karibu kilo 5 upande mmoja, karibu kilo 10 pande zote mbili, na bado hujahesabu kilichojaa kwenye shokapu za nyuma, kwenye vyuma vya sasipensheni, ndani ya bampa, nyuma ya magurudumu madogo. Boliti zote za titani za rafiki yangu hazikufika hapo. Nilimwonyesha hesabu hiyo kwenye daftari lake mwenyewe. Akanyamaza, kisha akauliza swali sahihi: “Sasa tunakata wapi?”

## Kutoboa bila kuua

Jibu la haraka ni kutoboa matundu kwenye vikanyagio. Kila tundu linapunguza uzito wa bati na linafungua njia ya theluji kudondoka. Mafundi wengi huishia hapo, na mimi nilitaka kuishia hapo pia, kwa sababu dreli ipo na aluminiamu ni laini.

Lakini nilisita, na bado nasita ninapoombwa kazi hii.

Kikanyagio si sakafu tu. Kinashika ukuta wa taneli usipinde. Dereva anaruka kutoka kwenye tuta, anatua kwa miguu yote miwili, na nguvu yote inapita pale. Ukitoboa bati jembamba na kuacha kingo chafu, kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Nimeona vikanyagio vilivyokuja gerejini vimejikunja kuelekea juu, matundu yamechanika kutoka moja hadi jingine.

Tena tundu dogo halisaidii kitu. Barafu inalivuka. Utando wa maji unajenga daraja kutoka ukingo hadi ukingo, theluji inakaa juu ya daraja, na sasa una barafu ileile pamoja na bati lililodhoofika. Tundu linalofanya kazi ni kubwa, linalokaribia upana wa soli, na kati ya tundu na tundu kunabaki wembamba tu wa chuma chenye meno ya kushika buti.

Tulichofanya mwishoni hakikuwa kutoboa. Tuliondoa vikanyagio vya zamani, kwa kukata ribiti moja baada ya nyingine, tukafunga vipya vya aina ya wazi: bomba imara la aluminiamu ukingoni, vipande vya kuunganisha kwenye taneli, na katikati karibu hakuna kitu. Rafiki yangu alichomelea viunganishi vya ziada karibu na kisigino, kazi safi sana. Kwa gramu zenyewe hatukushinda kitu cha kujivunia. Vilikuwa vyepesi kidogo tu kuliko vya zamani.

Sikujali. Nilitaka visibebe.

Kasoro ipo, na niiseme wazi: theluji inapanda kutoka chini. Miguu inapata baridi zaidi, na kwenye unga mzito inarushwa hadi magotini. Mwenye buti dhaifu asifanye kazi hii.

## Kinachofukuza maji na kinachoachia barafu

Hapa nilitumia muda mwingi kuliko nilivyotarajia.

Watu hupulizia silikoni kwenye taneli na kwenye sasipensheni asubuhi kabla ya kuondoka. Inafanya kazi. Inafanya kazi hadi theluji inayorushwa na mkanda iisugue yote, na hiyo haichukui muda mrefu. Kwa safari fupi, sawa. Kwa kutwa nzima, hapana.

Kisha kuna rangi na vimiminika vinavyofukuza maji, na nilivipenda sana kwa macho. Unadondosha maji, yanakimbia. Lakini kufukuza maji na kuachia barafu ni mambo mawili tofauti. Baadhi ya nyuso hizo zinafukuza maji kwa sababu zina vinundu vidogo mno visivyoonekana, vinavyoshika hewa chini ya tone. Unyevu ukiganda ndani ya vile vinundu, barafu inapata meno ya kung'ata, na inashika kuliko kwenye uso laini. Kwa mashine inayolowa na kuganda mara kwa mara kutwa, sikuona sababu ya kubahatisha.

Nikarudi kwenye kitu cha zamani: plastiki nzito ya polietilini, ile inayotumika kwenye reli ambazo mkanda unateleza juu yake. Barafu inaishika kwa shida, na ikishika, buti moja inaing'oa. Tulikata karatasi nyembamba za plastiki hiyo, tukazifunga kwenye kona ile ile ambako maji yalikuwa yanaganda, pale ukuta unapokutana na kikanyagio, na kwenye shimo la mbele ambamo kidole cha buti huingia.

Rafiki yangu alitaka tuvike taneli yote ndani. Nikakataa. Aluminiamu hupitisha joto mara mamia kuliko plastiki. Ukifunika rejeta kwa plastiki, theluji haitagusa chuma cha moto, na injini itachemka. Plastiki inakaa kule ambako hatutaki maji yashike, na chuma kinabaki uchi kule ambako tunataka theluji iyeyuke. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ni wa kuupima kwa mkono: endesha, simamisha, gusa, weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika.

## Madigadi iliyokatwa

Taa ya joto iliwaka kwenye njia iliyosawazishwa, ile ngumu inayopanda kutoka maegesho hadi kwenye theluji ya unga. Rafiki yangu alinipigia simu akiwa amesimama kando, anatupia theluji juu ya taneli kwa mikono.

“Ndugu yangu, iko inachemka na huku ni baridi hivi!”

Madigadi ya nyuma, kile kipande cha raba kinachoning'inia, kina kazi mbili. Ya kwanza ni kumlinda anayekufuata. Ya pili ni kuizuia theluji inayorushwa isiruke yote nje, irudi ndani ya taneli na kugusa rejeta. Aliikata kwa ajili ya uzito, na kwa sababu wakati wa kurudi nyuma raba hiyo hujikunja chini ya mkanda. Kwenye unga mzito hakuna madhara, theluji ipo ya kutosha. Kwenye njia ngumu mkanda haurushi karibu kitu, na hicho kidogo kinachorushwa kilikuwa kinaenda zake.

Nililala na jambo hili. Kazi yetu yote ilikuwa kuiondoa theluji, na mashine ilikuwa inaniambia inaihitaji. Bila theluji kugusa taneli, injini inakufa. Theluji ikigusa na kubaki, mashine inazama. Hakuna kukata kunakomaliza ubishi huo. Kilichobaki ni kupanga muda: iguse, iyeyuke, iondoke.

Basi tukaongeza uzito.

Tulirudisha madigadi, fupi kuliko ya kiwandani lakini ipo. Tukafunga vikwaruzo, zile nyaya mbili za chuma zenye springi ambazo zinaburuta ncha zake kwenye theluji ngumu na kurusha vipande vya barafu juu kwenye rejeta na kwenye reli za plastiki. Ukiingia kwenye unga unavikunja juu. Daftarini iliandikwa alama ya kujumlisha kwa mara ya kwanza, na rafiki yangu aliiandika kwa mkono mzito.

Kuhusu matundu ya boneti nitasema kidogo. Yanatoa joto, mkanda wa klachi unashukuru. Lakini yasipofunikwa kwa wavu mzuri, unga wa theluji unaingia, unayeyuka juu ya vyuma vya moto, na maji yake yanafika kwenye klachi. Mkanda uliolowa unateleza. Wavu kwanza, matundu baadaye.

## Betri

Betri ya lithiamu ilimpunguzia kilo kadhaa kwa mkupuo, na kwenye daftari ilikuwa mstari mzuri kuliko yote. Kwa uzito, betri ya lithiamu ya chuma na fosfati ni kama theluthi moja ya ile ya risasi yenye nguvu sawa ya kuwasha.

Ila haipendi baridi. Asubuhi ya baridi kali inatoa kidogo. Zaidi ya hapo, haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, maana lithiamu hujipaka kama chuma ndani ya seli badala ya kuingia mahali pake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Baadhi ya betri zina saketi ya kuzuia hilo. Nyingine hazina, na dereva hajui anachokiua.

Kuna wanaowasha hita za usukani dakika chache kabla ya kugusa stata, betri ijipashe kwa kutoa umeme wake yenyewe. Inasaidia. Rafiki yangu anaifanya na ameamua kubaki na lithiamu, kwa sharti moja nililomwekea: kamba ya kuvutia injini ibaki, na aizoee. Alikuwa ameshaanza kuifungua ili apunguze uzito wake pia.

## Tulipopima tena

Mwishoni mwa msimu tulirudia kipimo. Asubuhi tangi limejaa, jioni likiwa limeshuka. Safari hii namba ya jioni ilikuwa ndogo kuliko ya asubuhi, na tofauti ilikuwa karibu na uzito wa petroli iliyoungua. Bado kulikuwa na barafu kwenye sasipensheni. Pale sijapata dawa, na sidhani ipo ya kudumu. Vyuma ni vingi, kona ni nyingi.

Kwa sehemu hiyo tunategemea tabia. Kabla ya kuzima injini mwisho wa siku, nyanyua nyuma, zungusha mkanda, utupe maji machafu yaliyobaki. Usiiegeshe juu ya theluji iliyolowa; weka vipande viwili vya mbao chini ya mkanda, usije ukaukuta asubuhi umegandishwa ardhini. Mkanda ulioganda ukiulazimisha kwa gesi, kinachovunjika si barafu.

Mashine yake ikiwa kavu sasa ni nzito kidogo kuliko ilivyokuwa daftari lilipofungwa kiangazi. Ikiwa mlimani saa tisa mchana, ni nyepesi sana kuliko ilivyokuwa. Aliniambia kwamba alipokwama mara ya mwisho aliinyanyua nyuma peke yake. Yule ni mtu mwenye nguvu, lakini zamani tulikuwa tunainyanyua wawili.

## Uzito ambao sigusi

Kuna jambo moja tuliligombania kweli, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Baada ya kuona hesabu za barafu, alianza kuangalia begi lake la mgongoni kwa jicho lilelile. Akanunua koleo la plastiki badala ya la chuma. Akataka kuiacha fimbo ya kupimia, ile inayokunjwa, ya kuchomea theluji kumtafuta mtu aliyefukiwa. “Fundi, mimi niko na kifaa cha redio. Kinatosha.”

Hakitoshi. Kifaa cha redio, kile cha masafa ya kilohezi 457 ambacho kila anayepanda huku anatakiwa kuvaa kifuani, kinakuleta karibu na mtu. Hakikuonyeshi alipo hasa, wala yuko kina gani. Hiyo ni kazi ya fimbo. Na theluji iliyoporomoka si ile ya unga tuliyokuwa tunaizungumzia. Ikisimama inashikana na kuwa ngumu, na koleo la plastiki linavunjika juu yake. Aliyefukiwa anaishiwa hewa ndani ya dakika chache, na sehemu kubwa ya dakika hizo inaenda kwenye kuchimba.

Machi 2010, poromoko lilishuka kwenye Boulder Mountain hii hii juu ya kundi kubwa la waendesha mashine na watazamaji, na wawili wakafa. Wengi walitolewa na waliokuwa jirani nao, waliokuwa na vifaa mgongoni. Ofisi za Avalanche Canada, shirika linalotoa tahadhari za maporomoko ya theluji, ziko hapa mjini, taarifa ya hatari hutolewa kila siku ya msimu, na hakuna asubuhi nzuri ya kupanda bila kuisoma.

Nilimwambia siwezi kugusa mashine yake tena akiniletea koleo lile. Alikasirika. Tulikaa kimya kwa siku kadhaa, jambo ambalo si kawaida yetu, kwani kwa mwendo wa kilomita 400 na ushee kati ya Calgary na hapa simu ndiyo baraza letu. Kisha alinitumia picha ya koleo jipya la chuma, mpini unaorefuka, na fimbo ya mita 3, vyote juu ya mizani ya jikoni kwake. Akaandika uzito wake daftarini, kwenye ukurasa wa peke yake, ili usijumlishwe na mwingine wowote.

Jumamosi ya kwanza theluji ikishakaa vizuri tutafanya zoezi la kutafuta na kuchimba kwenye maegesho ya chini ya Boulder, mapema, kabla ya magari kujaa. Tutazika begi lenye kifaa kinachotuma, kila mtu atalitafuta kwa zamu, mwingine akishika saa. Msomaji uliye Revelstoke, Golden, Kamloops au hata Calgary, unakaribishwa, uwe na mashine au usiwe nayo. Njoo na kifaa chako kikiwa na betri mpya za alkalini, koleo la chuma na fimbo. Chai ya tangawizi nitaleta mimi.